Jibu: Mwenzake kapata barua ya mapema, binti yangu bado

Dada, pole na presha. Mwenzake kupata barua ya mapema ya Yale Februari hii, yaani ile ya kumdokeza mwombaji kabla ya majibu rasmi kwamba kuna uwezekano mkubwa atakubaliwa, na binti yako kukosa si dalili kwamba binti yako amekataliwa. Vyuo vya Ivy League (vyuo vikuu vinane maarufu vya Marekani, Yale kikiwemo) huwatumia wachache tu barua hizo, kuanzia Oktoba, hasa wanamichezo wanaotakiwa na makocha, na wale ambao chuo kinaogopa kunyang'anywa. Wengi wanaokubaliwa hawasikii lolote hadi majibu rasmi mwishoni mwa Machi. Wangu hakupata barua wala simu. Usiku wa manane alikuwa akifungua ukurasa wa maombi kutafuta ishara, hata nikawa naificha simu yake chini ya mto wangu. Alikubaliwa. Huyo mwenzake naye asilegeze masomo. Barua yenyewe husema alama zisishuke.