Umesema kumi na tano, mgeni kasikia hamsini

Vijana wanaojiandaa kuongoza watalii hapa Moshi huniuliza wafanyeje wapate lafudhi ya Kizungu. Huwa nawaambia waachane nayo. Mgeni anayepanda Kilimanjaro hana ugomvi na lafudhi yako, anakwama kwenye mkazo, yaani silabi ipi ya neno unaipa uzito.

Kiswahili kimetuzoesha vizuri: mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayokaidi ni machache mno. Ukiingia na mazoea hayo kwenye Kiingereza, "fifteen" inakuwa FIF-tin. Wenyewe, neno likisimama peke yake, husema fif-TIIN; wakisikia uzito mwanzoni wanaelewa "fifty". Nimemwona muuza shuka za Kimasai pale Arusha akitaja dola kumi na tano, mgeni akairudisha shuka taratibu na kwenda zake. Na bei ilikuwa nzuri tu!

Wanyama ndio mtihani wenyewe. Tunasema e-LE-fant, kro-KO-dail, ba-FA-lo, wakati yote matatu yanakazwa mwanzoni: E-le-fant, KRO-ko-dail, BA-fa-lo. "Giraffe" inakazwa mwishoni, ji-RAF. "Hyena" haitusumbui, maana mkazo wake uko palepale tulipozoea. "Leopard" ina silabi mbili tu, LE-pad. Ile "o" isome kwa macho, mdomoni iache.

Maneno yanayoishia na "-tion" nayo yametupendelea, kwani mkazo unatangulia silabi hiyo ya mwisho: in-fa-MEI-shen, e-li-VEI-shen. Ila usibandike irabu. Ukisema "infomesheni" umeongeza silabi, na mkazo umeshahamia kwenye "she".

Kamusi nyingi za Kiingereza huweka kistari kidogo cha wima, juu, kabla ya silabi yenye mkazo. Kitafute hicho kabla ya maana. Kisha tamka neno ndani ya sentensi utakayoisema kazini, na usidhani kukaza ni kupaza sauti tu. Silabi yenye mkazo irefushe kidogo, nyingine zipite haraka na irabu zake zififie. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu sisi kila silabi tunaipa haki yake.

Anza na maneno ya kazi yako. Mpishi wa kambini ashike "dessert", yaani kitindamlo, mkazo mwishoni. Akiukaza mwanzo, inasikika "desert", amemkaribisha mgeni jangwani, na mlima wetu unalo jangwa la kweli, kule juu ya mita 4,000.