Maswali na Majibu: Kibali cha Maadili Hakirudi Nyuma

Swali: Mimi ni mfamasia, Temeke. Nimekwisha kukusanya taarifa kutoka majalada 200 ya wagonjwa wa shinikizo la damu. Niombe wapi kibali cha maadili ili nichapishe?

Jibu: Swali hili limeletwa mara nyingi mno, na inaniuma kwamba linaletwa na wataalamu. Kibali huombwa kabla jalada la kwanza halijafunguliwa, kwa kuwa kamati ya maadili ya utafiti hupima andiko la utafiti, yaani mpango wake, si matokeo. Kuwahudumia wagonjwa dirishani hakukupi haki ya kuwafanya watafitiwa bila idhini. Ieleze kamati ya taasisi yako ukweli wote, nawe ukubali uamuzi wake hata ikizuia takwimu hizo zisitumike. Usithubutu kurudisha tarehe nyuma kwenye fomu. Huko ni kughushi.

Swali: Wagonjwa 11 kati ya 60 waliiacha dawa tunayoijaribu. Msimamizi anataka waondolewe ili matokeo yasiharibike. Je, inafaa?

Jibu: Haifai hata kidogo. Anayeacha dawa mara nyingi ndiye aliyetapika, aliyevimba miguu au aliyeona haimsaidii. Ukimfuta, wanabaki waliovumilia, na dawa itaonekana njema kuliko ilivyo, kisha mgonjwa wa Mbagala ataandikiwa kwa kuaminiwa matokeo hayo. Wachambueni wote katika makundi waliyopangiwa tangu mwanzo, sababu ya kila mmoja kuacha itajwe, na madhara makubwa yaripotiwe kwa kamati na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) bila kuchelewa. Takwimu ghafi nazo zitunzwe. Mwaka 2020 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala kuhusu hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19, iliyodai kuhusisha wagonjwa zaidi ya 96,000; haikupita wiki mbili ikaondolewa, kwa kuwa takwimu zake hazikuweza kuhakikiwa, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limekwisha kusimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo.

Swali: Kumrudishia mshiriki nauli ni rushwa?

Jibu: Si rushwa, mradi kiasi hicho kimo katika andiko lililoidhinishwa.

Swali: Mkuu wa idara hakushiriki, lakini kwa desturi yetu jina lake huwekwa. Tufanyeje?

Jibu: Iacheni desturi hiyo. Mwandishi ni yule aliyechangia kazi yenyewe, akaandika au kuhakiki makala, akaidhinisha toleo la mwisho na akakubali kuwajibika kwalo. Masharti yote manne kwa pamoja. Mkuu aliyewapa chumba na barua ashukuriwe mwishoni mwa makala. Anayeonewa zaidi ni mfamasia wa mafunzo kwa vitendo aliyewahoji wagonjwa miezi mitatu, kisha asiitwe makala ilipoanza kuandikwa. Mwiteni.