Oili ipi inafaa kwa gari lililokwishatumika?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, iliyokwishatembea kilomita 148,000. Fundi mmoja ananishauri niweke oili nzito ya 20W-50 kwa sababu gari ni la zamani, lakini mwingine anakataa. Nimsikilize yupi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize huyo wa pili. Umri wa gari peke yake si sababu ya kubadili uzito wa oili. Injini hiyo iliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na mfumo wake wa VVT-i, unaorekebisha wakati wa kufunguka kwa valvu, huendeshwa kwa msukumo wa oili hiyo hiyo inayopita katika vijia vyembamba sana.

Kwa kuwa hujui gari lilitunzwaje, anza upya. Mwaga oili ya zamani ikiwa bado vuguvugu, badilisha chujio pamoja na washa ya nati ya kumwagia, kisha weka takriban lita 3.7, usikubali fundi akumiminie galoni zima la lita 4 kwa kuwa tu umelilipia. Subiri dakika chache, futa kijiti cha kupimia, kichovye tena, na uhakikishe alama ya oili haivuki ile ya juu.

Kwa vumbi, foleni na safari fupi, badilisha kila kilomita 5,000. Ukiona oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, huenda maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini: usiliwashe tena gari kabla halijakaguliwa.