Biti Inajishusha Yenyewe: Maswali ya Mafundi wa CNC

SWALI: Mashine yangu ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) inatumia ruta ya mkono yenye koleti (kibano kinachoshika biti, yaani kisu cha kuchonga) ya robo inchi. Nachonga mlango wa mninga, kina nimeweka milimita 5. Mwanzo mchongo unatoka sawa, lakini baada ya nusu saa nakuta umefika milimita 7. Mhimili wa Z (unaopandisha na kushusha ruta) nimeukagua, hauna tatizo. Biti ni mpya, za shina la milimita 6. Nifanye nini?
Fundi, Keko, Dar es Salaam

JIBU: Jibu limo kwenye barua yako. Shina la biti, yaani sehemu inayoingia kwenye koleti, ni la milimita 6, koleti ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na kwa kuwa biti inaingia bila shida, unakaza na kuendelea na kazi. Koleti za ruta za mkono hazikuundwa kubana chini ya kipimo chake. Ukiilazimisha inajifunga mdomoni tu, na shina la biti linashikwa na ukanda mwembamba. Halafu biti za msokoto unaopandisha vumbi juu hujivuta chini ndani ya mbao kama skrubu. Mashine ikitetemeka kidogo, biti inashuka, na hakuna programu itakayokuonya.

Pima kila shina kwa kalipa (kipimio cha unene). Usiamini maandishi ya pakiti. Sokoni utakutana na mashina ya milimita 3, 3.175 (moja ya nane ya inchi), 4, 6, 6.35, 8, 12 na 12.7. Kwa biti ulizo nazo, tafuta koleti ya milimita 6 ya ruta hiyohiyo, maana za ruta nyingine huenda zisikubali. Safisha koleti kwa brashi na spiriti, usipake mafuta. Sukuma shina hadi ligote, kisha lirudishe nyuma milimita 2: koleti ikikazwa huvuta shina ndani, na likiwa limegota hukazi chochote. Chora mstari wa kalamu ya wino pale shina linapokutana na nati, uutazame baada ya dakika kumi za kazi. Mstari ukisogea, simamisha mashine.

Kuzungushia foili au kipande cha kopo la soda tumekuona kwenye karakana nyingi. Acheni. Kwa mizunguko 18,000 kwa dakika, biti ikichomoka haichagui pa kwenda.

SWALI: Spindo yangu (mota inayozungusha biti) ni ya ER11, aina ya koleti. Lazima ninunue koleti ya kila kipimo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Koleti ya ER11 hubana nusu milimita chini ya kipimo chake, kwa hiyo ya 6.5 inashika kuanzia 6.0 hadi 6.5, na robo inchi imo humo. Hata hivyo, kwa shina unalolitumia kila siku nunua ya kipimo kamili. Inashika kwa urefu wake wote. Shina liingie angalau milimita 12 kati ya 18 za koleti.

Kosa kubwa zaidi ni la ufungaji. Watu huweka koleti kwenye spindo, kisha wanafunga nati juu yake. Anza na nati: inamisha koleti ndani yake mpaka ilie "tak", ndipo uweke biti na kufunga. Bila hivyo biti itayumba, na siku ya kufungua koleti itabaki imenasa kwenye spindo. Na usikaze nati kavu, bila biti ndani.

SWALI: Je, bushi (bomba dogo la kuvalishia shina) ya kupunguza koleti kutoka robo inchi hadi moja ya nane inafaa kwa nakshi ndogo?
Mchongaji, Zanzibar

JIBU: Kwa kazi nyepesi, ndiyo, ila kila kipande unachoongeza kinaongeza kuyumba. Tuseme kila jino la biti linapaswa kula milimita 0.02. Biti ikiyumba 0.04, jino moja linakula kila kitu na jingine linapita hewani, na biti ya milimita 1 inakatika. Pima kwa geji ya saa (kipimio chenye mshale), ukizungusha spindo kwa mkono; zaidi ya 0.02 hatuwezi kukushauri uanze.

Tungekuwa sisi, tungeacha bushi na kununua biti iliyochongoka, ncha ya mviringo ya nusu milimita, shina la milimita 6. Ugumu wa shina hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo kipenyo kikiwa mara mbili, ugumu ni 2 × 2 × 2 × 2: robo inchi ni ngumu mara 16 kuliko moja ya nane.

SWALI: Biti ya nusu inchi itaingia ER11?
Msomaji, Arusha

JIBU: Haiingii. ER11 inaishia milimita 7, ER16 milimita 10. Unahitaji spindo ya ER20, inayofika 13.