Maswali yenu: muziki wa kulalia, na mambo yanayoufukuza usingizi

Wiki hii nimeyaweka kando maswali ya bendi na waimbaji. Barua za watu wanaokesha bila kupenda zimekuwa nyingi, na nyingi zinafanana. Nimezifupisha.

"Naomba unitumie nyimbo za kulala." (Wengi, kila wiki)

Swali likiwa hivi sina la kujibu. Hujasema kama usingizi unakataa kuja mwanzoni mwa usiku au unakuja halafu unakukimbia saa tisa. Hujasema unasikilizia nini, umelala na nani, wala muziki upi umekua nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulichambua zaidi ya vibao 100,000 ambavyo watu wameviweka kwenye orodha zao za kulalia. Kwa jumla vilikuwa vya polepole, vya sauti ya chini, vingi ni ala bila maneno. Lakini humo humo zilikutwa nyimbo za pop za kuchezea, zenye kasi. Mtu hulala kwa alichokizoea. Sasa mimi nitajuaje ulichokizoea wewe? Andika tena, useme hayo.

"Shikamoo. Nimejaribu vinanda laini na sauti za mvua mpaka nimechoka. Ni vitulivu mno, akili inaondoka inakwenda kwenye madeni na kazi. Nikiweka nyimbo ninazozipenda, nazifuata mpaka alfajiri. Hakuna cha katikati?" (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

Marahaba. Cha katikati kipo, tena kipo karibu na wewe kuliko hiyo mvua ya kompyuta.

Muziki usio na kitu ndani hauwezi kuizuia akili yenye mawazo. Wenye matukio mengi nao unaikeshesha. Unachokitafuta ni muziki wenye mwendo mmoja, usiopandisha sauti ghafla, lakini ndani yake kuna kazi ndogo ndogo inayoendelea, ya kulipatia sikio shughuli bila kulihangaisha.

Anza na bashrafu. Kama taarabu unayoijua ni ya vijembe na vinanda vya umeme, hii itakushangaza. Bashrafu ni vipande vya ala tupu vyenye asili ya Uturuki na Misri, na vikundi vikongwe vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club vimevitunza. Kwenye onyesho hupigwa mwanzoni, wakati watu wanaketi. Sikiliza kilivyojengwa: kuna sehemu nne, kila moja inaitwa khana, na kila khana ikimalizika wapigaji wote wanarudi kwenye kiitikio kimoja kinachoitwa taslimu. Fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi za kudonoa), nai (filimbi) na akodiani zinafuata tuni moja, lakini kila mpigaji anaipamba kwa mkono wake. Nai inachelewa kidogo, kanuni inadondosha noti ndogo ndogo katikati, fidla zinateleza kutoka noti hadi noti. Sikio linapewa la kufuata, halafu kila baada ya muda linarudishwa mahali linapopafahamu. Mara ya kwanza utasikiliza kwa udadisi. Ukishaizoea taslimu, mwili wenyewe utaanza kulegea inapokaribia.

Cha pili ni ilimba ya Wagogo, ala ya vibao vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, na mpigaji wa kumtafuta ni marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003. Vidole vinarudia mzunguko uleule, kisha noti moja inahama, kisha nyingine, na chini yake kuna mvumo unaotetema muda wote. Tahadhari moja: Zawose alikuwa na sauti ya ajabu iliyoweza kuruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na ikiruka utaamka. Chagua vipande ambavyo ala ndiyo inayotawala.

Kuna pia inanga ya Burundi, ala ya nyuzi, ile ya kunong'ona. Mwimbaji hapandishi sauti kabisa. Ananong'ona maneno, nyuzi ndizo zinazobeba tuni, na baada ya dakika chache unaanza kusikia kana kwamba nyuzi zenyewe ndizo zinazosema. Kama hujui Kirundi, ni bora zaidi, kwa sababu maneno hayatakushika. Nyatiti, kinubi cha Wajaluo, ya Ayub Ogada wa Kenya, aliyefariki 2019, nayo inafaa: nyuzi nane na sauti isiyo na haraka. Ukitaka kutoka nje ya eneo letu, tafuta kazi ambayo Toumani Diabaté na kora yake, kinubi cha Afrika Magharibi, alirekodi na mpiga gitaa Ali Farka Touré kule Bamako, Mali, ikatoka 2005.

Inaniuma watu wanavyomaliza bando kusikiliza mvua iliyotengenezwa na mashine, wakati wapigaji wa kanuni wanahesabika na vijana wanaojifunza ilimba wanakosa wasikilizaji. Ukikipenda kipande, kinunue.

"Je, ni kweli muziki wa hezi 432 unatibu kukosa usingizi?" (Msomaji, Arusha)

Si kweli. Hezi 432 ni noti zilizoshushwa kidogo tu, si dawa. Na anayekuuzia faili lake, usimnunulie.

"Nalala na zilipendwa za dansi. Nasinzia vizuri, lakini nashtuka kila baada ya dakika chache." (Dereva mstaafu, Mbagala)

Mzee wangu, nyimbo hizo ndivyo zilivyotungwa. Dansi letu, kama rumba ya Kongo iliyolilea, linaanza polepole na maneno, visa na magitaa yanayojibizana chinichini. Kisha linafika chemko: ngoma zinakaza, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja, gitaa la solo linapanda, na kila aliyekaa anatakiwa kusimama. Wapigaji wa bendi ya Sikinde hawakuwa wanamtungia mtu aliyejifunika shuka. Walimtungia mtu wa ukumbini aliyelipa kiingilio. Kwa hiyo ubeti unakulaza, chemko inakuamsha, na wimbo unaofuata unarudia kazi hiyohiyo.

Kama huwezi kuziacha, mwombe mjukuu akukatie. Programu za bure za kukata sauti zipo. Kila wimbo uishie kabla ya chemko, sauti ififie taratibu, na vipande hivyo vifuatane bila pengo. Hiyo ni nakala ya usiku tu. Mchana usikilize wimbo mzima, kwa heshima ya waliopuliza.

"Nimepakua nyimbo ninazozipenda zikiwa ala tupu, bila waimbaji, nikidhani zitanituliza. Zinaendelea kupiga kichwani hata nikizizima." (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Hujakosea kulisikia hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa 2021. Watu waliosikiliza nyimbo maarufu zikiwa ala tupu kabla ya kulala walisumbuliwa zaidi na wimbo kubaki kichwani kuliko waliosikiliza nyimbo zilezile zikiwa na maneno, na wimbo ukibaki kichwani usingizi unaharibika. Kwa maoni yangu, akili inayajua maneno, na yakiondolewa inajipa kazi ya kuyajaza. Tafuta ala ambazo hazijawahi kuwa na maneno. Ndiyo maana juu hapo nimeanza na bashrafu.

Na acha kusikiliza nyimbo zako kali saa nzima ya mwisho kabla ya kulala. Singeli ya saa nne inaweza kuwa bado inacheza kichwani saa saba.

"Mume wangu huacha kisomo cha Qur'ani usiku kucha. Napenda kukisikia, lakini silali. Nimwambieje?" (Mama wa watatu, Tanga)

Kisomo si muziki, na sitakiweka katika kapu moja na nyimbo. Adabu za kukisikiliza muulizeni shehe wenu. La usingizi nitalisema: sauti yoyote inayoendelea mpaka asubuhi, hata mnayoipenda, inaweza kumwamsha mwenye usingizi mwepesi kila inapobadilika. Kaa naye mchana, msilijadili kitandani saa sita mkiwa mmechoka. Kubalianeni kisomo kiwe cha nusu saa, sauti ya chini, kisha kizimike chenyewe.

"Hedifoni zipi nzuri za kulala nazo?" (Msomaji, Mwanza)

Sipendekezi hata moja. Masikio yanaumia, nta inasukumwa ndani, na hutamsikia mtoto akilia wala mtu akigonga mlango. Mbaya zaidi ni wanaochaji simu chini ya mto. Simu inapata joto, godoro linaweza kushika moto. Acheni, tafadhali.

Nunua kijiredio chenye sehemu ya flashi, kikae mezani upande wa pili wa chumba. Weka muziki wako humo mchana, kwa mpangilio uliouchagua mwenyewe. Sauti iwe ya chini kiasi kwamba mtu akinong'ona pembeni yako bado unamsikia. Ukitumia simu, ukapiga kutoka kwenye programu ya bure, nai itakuwa inamalizia taslimu halafu tangazo la mikopo litapasuka chumbani. Na ukishaishika simu kulizima, utasoma ujumbe, utajibu, na saa nzima imekwenda. Pakua, weka kipima muda cha dakika arobaini na tano, iache mbali.

"Baa ya jirani inapiga sabufa mpaka saa nane. Naongeza sauti ya muziki wangu kuifunika, lakini wapi." (Mpangaji, Sinza)

Hutaifunika. Besi inapita ukutani, na redio yako haina besi ya kushindana nayo. Unachoongeza ni kelele ya pili. Feni inayovuma itakusaidia zaidi kidogo kuliko wimbo, lakini dawa hasa iko nje ya chumba. Ungana na majirani, mwandike barua, muipeleke serikali ya mtaa, na wasipochukua hatua mwende mamlaka ya taifa ya mazingira (NEMC), maana makelele yana kanuni zake kisheria. Mtu mmoja akilalamika anaonekana mkorofi. Barua yenye sahihi za mtaa mzima ni vigumu kuipuuza.

"Muziki peke yake hautoshi, naongeza Piriton mbili. Kuna ubaya?" (Mfanyabiashara, Kahama)

Upo. Hiyo ni dawa ya mzio, na usingizi ni athari yake ya pembeni tu. Mwili unaizoea upesi, asubuhi unaamka mzito, na wewe pengine unaendesha pikipiki au gari. Wazee inawachanganya akili na kuwaangusha. Dawa zenye nguvu zaidi zinazouzwa chini ya meza bila cheti ndizo za kuogopa kabisa, kwa sababu kuziacha baada ya kuzizoea ni kazi. Nimejibu hili mara nyingi na bado barua zinakuja. Nenda kwa daktari.

"Nimesoma kwamba Bach alitunga muziki wa mtu asiyelala. Kweli?" (Mpiga kinanda wa kanisa, Moshi)

Hadithi ni ya Forkel, aliyeandika maisha ya Bach, mtunzi Mjerumani, mwaka 1802. Anasema bwana mmoja, Keyserlingk, balozi wa Urusi, alikuwa akikesha, na kijana wake Goldberg alilazimika kumpigia kinanda chumba cha pili. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Kazi hiyo, inayojulikana kama Goldberg Variations, ilichapishwa 1741, haina maandishi ya kumtunuku bwana huyo, na Goldberg wakati huo alikuwa na miaka kama 14.

Lakini soma alichoombwa Bach katika hadithi hiyo: muziki laini, wenye uchangamfu kidogo. Hakuombwa muziki mtupu. Akatoa mabadiliko 30 ya wimbo mmoja, yaliyosimama juu ya msingi uleule wa noti za chini, kwa hiyo juu kuna la kufuata na chini hakuna kinachohama. Mwalimu wa Morogoro, hilo ndilo ulilouliza. Wewe mpiga kinanda, jaribu ule wimbo wa mwanzo na vipande vya polepole. Vya kasi viache vya mchana.

"Nilijaribu ushauri wako usiku mmoja, haukufanya kazi." (Msomaji, Iringa)

Usiku mmoja! Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 13 zenye watu 1,007. Waliopewa muziki walisikiliza dakika 25 hadi 60 kwa siku, kwa muda wa siku 3 hadi miezi 3, na kwa jumla walisema usingizi wao umekuwa bora. Jipe angalau wiki tatu, muziki uleule, saa ileile. Kila usiku ukibadilisha, kila usiku sikio linaanza upya kudadisi.

Ukiona umekaa kama dakika ishirini macho makavu, ondoka kitandani, kaa kwenye kiti katika mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Na kama hulali usiku tatu au zaidi kwa wiki, miezi mitatu sasa, muziki umefika mwisho wa uwezo wake. Hali hiyo ina tiba ya mazungumzo inayobadilisha mazoea na mawazo ya kulala, na ndiyo ambayo madaktari wanashauriwa kuanza nayo kabla ya vidonge. Ulizia kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa, na usione haya. Ukikoroma na kushtuka ukitafuta pumzi, au moyo umekufa ganzi na huna hamu ya chochote, usisubiri miezi hiyo.

"Mimi ni mlinzi wa usiku, nalala mchana. Kuna muziki wa mchana?" (Mlinzi, Mikocheni)

Uleule. Kwako adui ni jua na watu. Funika dirisha kwa kitambaa kizito cheusi, waambie nyumbani saa zako za kulala, na weka bashrafu ukishaoga, kabla hujapanda kitandani. Chai ya rangi ya saa kumi na moja alfajiri, ile unayoinywa kuvumilia mwisho wa lindo, iache. Inakufuata mpaka saa tano asubuhi.