Kabla hujasafiri na punje zako za mtama

"Dada, mashine hii ni ya mifupa," mtaalamu wa eksirei aliniambia hapa Dodoma huku anacheka. Nilikuwa nimempelekea punje za mtama kutoka Kongwa, nimwone buu wa fukusi aliyejificha ndani. Ikatoka punje ya kijivu, basi. Buu ni maji na mafuta, punje ni wanga; vyote humeza miale kidogo, tena karibu sawa.

Ukikwama hapo, acha kutafuta kivuli. Njia ya Manyoni, jua la Oktoba, umeyaona mazigazi juu ya lami? Hewa haina rangi lakini inapinda mwanga. Tishu laini nazo hupinda eksirei, kidogo mno: zinasogeza fezi ya mawimbi, yaani mpangilio wa kupanda na kushuka kwake (si fezi ya TANESCO). Kwa vitu vyepesi, athari hiyo inaweza kuizidi ya kumeza mara 1,000. Chanzo cha miale kikiwa kidogo sana na kamera ikirudishwa nyuma ya sampuli, kingo hujichora zenyewe. Watafiti wa sinkrotroni (mashine kubwa inayozungusha elektroni ili zitoe eksirei kali) ya Grenoble, Ufaransa, walilionyesha hilo mwaka 1995. Mwaka uliofuata likaonyeshwa kwa tyubu ndogo ya eksirei ya maabara.

Huko Grenoble, nilikopeleka punje zangu, ndiko nilikoaibika. Katika tomografia, upigaji wa picha za pande tatu, sampuli huzungushwa huku ikipigwa picha elfu mbili, tatu, na kompyuta inaziunganisha kwa kuamini kwamba hakuna kilichosogea. Buu wangu alikuwa hai. Kichwa chake kikatoka viwili, tumbo likawa ukungu, na zamu ya masaa 8 niliyoiomba kwa miezi ikaanza kuyeyuka. Kwa hiyo gandisha punje kwenye friza siku kadhaa, kisha ziache zirudie joto la chumba. Gundi ya kushikizia punje kwenye kishikio uiweke jioni, upige picha asubuhi, maana gundi mbichi hutambaa. Vijiti vya meno kama kishikio sivitaki tena: mbao hunyonya unyevu na kujipinda, mimi natumia ncha ya pipeti. Anayepeleka zabibu aifungie ndani ya kijitungi chenye pamba yenye unyevu, la sivyo itasinyaa katikati ya kazi.

Baadaye utaitumia njia ya hesabu ya mwanafizikia Paganin ya mwaka 2002 kuigeuza michirizi ya kingo kuwa picha kamili. Itakuuliza uwiano wa kupinda na kumeza. Ukiuzidisha picha inakuwa uji. Ukiupunguza michirizi inabaki. Wenzangu hupenda picha laini kwa ajili ya mabango. Mimi huuweka chini kidogo, kwa sababu tundu la fukusi ni jembamba na ulaini hulifuta.

Halafu diski. Picha ya punje moja, ujazo wa nukta 2,048 kila upande, biti 16 kwa kila nukta, ni GB 17 hivi. Nilikuwa na punje 90 na diski ya TB 1. Picha zilizobaki nilizishusha kwa intaneti nikiwa nyumbani Dodoma, usiku baada ya usiku, umeme ukikatika naanza upya.