Vifaranga wa bata kulegea miguu
Mkuu, umeuliza kama vifaranga wako wa bata waliolegea miguu wana kideri (ugonjwa wa virusi unaoua kuku). Hapo si kideri. Bata huugua kideri kwa nadra sana. Vifaranga wa siku 10 wanaokula vizuri lakini wanakalia magoti, mara nyingi wamekosa vitamini B3 (niasini). Kifaranga wa bata anahitaji takriban miligramu 55 kwa kilo ya chakula, karibu mara mbili ya wa kuku, na hiyo chiki mashi (chakula cha vifaranga cha dukani) unayowapa imepimwa kwa ajili ya kuku. Mimi wangu walinilalia hivyohivyo. Nikanunua unga wa vitamini B mchanganyiko duka la mifugo, nikaweka kwenye maji kila siku kama pakiti ilivyoelekeza, na dagaa wa kusaga kidogo kwenye chakula. Siku ya nne wakaanza kusimama. Usichelewe, mfupa ukishapinda haunyooki.

Ila angalia na sakafu. Kama umetandika magazeti au nailoni, wanateleza na miguu inatanuka pembeni, na hapo vitamini haitasaidia kitu. Weka maranda makavu. Maji ya kunywa yawe na kina cha kuzamisha pua, lakini wasiogelee bado, hasa kama hawana mama.